Kabla hujalipia duka la mtandaoni, jaza fomu yake ya malipo kwanza

Mwaka jana nilitoa laki nane na nusu nikatengenezewa duka la mtandaoni. Lilikuwa zuri, sitadanganya. Zabibu kavu zinang'aa, mlenda mkavu umepangwa kwenye ungo, asali ya Itigi iko kwenye chupa inayopigwa na jua. Nikasambaza linki kuanzia kwenye kikundi cha jumuiya hadi kwa wateja wangu wa Soko la Sabasaba. Wiki tatu zikapita, oda mbili. Zote mbili nilikuwa nimeziweka mwenyewe, kujaribu.

Nikaenda Kisasa, hapa Dodoma, kwa shangazi. Nikamwomba ashike simu yake, Tecno iliyopasuka kioo pembeni, nikamwambia, "Shangazi, niagizie karanga za kusaga, hela nitakurudishia." Kisha nikanyamaza. Akachagua kopo, akaweka kwenye kikapu, akafika kwenye malipo bila shida yoyote. Hapo akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"We mwanangu, hapa wanataka 'state'. Niandike nini, Jamhuri ya Muungano?"

Akaandika Kisasa. Maandishi mekundu. Akashuka chini, 'ZIP code', yaani postikodi, lazima. Akaweka namba ya nyumba. Mekundu tena. Jina la ukoo, lazima. Barua pepe, lazima, na barua pepe yake alifunguliwa na binamu yangu enzi hizo, nywila haijui yeye wala aliyemfungulia. Kitu pekee ambacho fomu nzima haikuuliza ni namba ya simu. Dakika ya saba akanirudishia simu mkononi: "Basi utaniletea jioni ukipita."

Tangu siku hiyo nikiletewa duka la mtandaoni nilitazame, sitazami rangi wala picha. Naenda moja kwa moja kwenye fomu ya anwani. Na wengi mnaoniandikia kwamba "watu wanaingia ila hawanunui", nikifungua maduka yenu nakuta ugonjwa ni uleule wa shangazi. Kwa hiyo kwenye mwongozo huu hamtaona habari za kasi, mwonekano, sijui templeti (miundo ya duka iliyo tayari) ngapi. Hayo yameandikwa kila mahali. Mimi napanga majukwaa, yaani programu za kujengea duka, kwa swali moja: je, mtu wa Nkuhungu mwenye bando la siku anaweza kufika mwisho wa malipo bila kukupigia?

Fomu hizi hazikutengenezwa kwa ubaya. Jukwaa la Shopify, kwa mfano, lilizaliwa Ottawa, Kanada, mwaka 2006, baada ya waanzilishi wake kutaka kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji na kukosa programu ya duka iliyowaridhisha. Kule mtu anaijua postikodi yake kama anavyojua jina la mama yake. Sisi postikodi tunazo, tusisingizie. Kila kata ina yake ya tarakimu 5, za Dodoma zinaanza na 41, na mwaka 2022 tulibandikiwa vibao vya mitaa na namba za nyumba kwenye ile operesheni ya anwani za makazi. Lakini simama Majengo sokoni uwaulize watu kumi postikodi zao uone watakavyokutazama. Mzigo hapa unafika kwa namna nyingine. Wa mjini unafika kwa bodaboda na maelezo: ukipita msikiti, geti la bluu, piga simu mtoto atatoka. Wa Mwanza unapakiwa kwenye basi pale Nanenane, jina na namba ya simu vimeandikwa kwa maka peni nene juu ya boksi. Namba ya simu ndiyo anwani. Fomu inayoidai ZIP na kuisahau simu imeacha nyama ikachukua mfupa.

Basi, ninayoiweka ya kwanza ni WooCommerce, na sijifichi, naipenda. Ni plagini, yaani programu ya nyongeza, ya bure inayokaa juu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti. Ilitoka mwaka 2011 na tangu 2015 iko chini ya kampuni ya Automattic. Unalipia hosti (mahali tovuti inapokaa) na kikoa (jina la tovuti) tu. Mimi hosti inanila karibu laki mbili kwa mwaka. Shilingi ya Tanzania imo, na kwenye sehemu ya mkoa mteja anachagua kwenye orodha, Dodoma, Singida, Manyara, haambiwi aandike 'state' kwa kubahatisha. Simu unaifanya iwe lazima. Jina la kampuni na mstari wa pili wa anwani unavifuta. Postikodi na vingine vilivyobaki unaviondoa kwa plagini ndogo ya kuhariri fomu ya malipo, ziko nyingi na za bure zinatosha. Fomu yangu sasa ina vitu vinne: jina, simu, mkoa, na kiboksi kikubwa nilichokiandika "Tukuletee wapi? Elekeza kama unavyomwelekeza bodaboda."

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu fundi wako hatakwambia. Kuanzia toleo la 8.3, la Novemba 2023, WooCommerce ukiisakinisha upya inakupa ukurasa wa malipo wa mtindo mpya, uliojengwa kwa bloku, yaani vipande vya kupanga. Plagini nyingi za kuhariri fomu, na baadhi ya plagini za malipo, zilitengenezwa kwa ule ukurasa wa zamani. Matokeo yake unasakinisha plagini, unahariri, unahifadhi, unaenda kwenye duka na hakuna kilichobadilika. Au unaunganisha malipo ya simu na hayaonekani kabisa, yamebaki ya "lipa ukipokea" peke yake. Watu wanadhani wamekosea, wanamwita fundi, fundi anachaji. Dawa yake ni kufungua ukurasa wa malipo kwenye kihariri, kubonyeza lile bloku, na kulibadilisha kuwa la mtindo wa zamani. Nilipoteza siku mbili na bando zima la wiki kuligundua hilo.

Na ukiwa humo, ingia kwenye mipangilio ya jumla, upande wa sarafu, uweke idadi ya desimali kuwa sifuri. Nani amewahi kudai senti? Kopo la karanga linaloandikwa 12,000.00 linamtisha mtu anayesoma haraka kwenye simu. Mteja mmoja wa Ihumwa aliniuliza kama ni milioni.

Kwa malipo yenyewe, zipo kampuni za kukupokelea malipo mtandaoni, kina Selcom, Pesapal, DPO na AzamPay. Unachotafuta ni ile njia ambayo mteja anaandika namba yake, ombi linatokea kwenye simu, anaweka namba ya siri, kwisha. Iwe M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas tuliyoizoea kama Tigo Pesa. Andaa TIN, leseni ya biashara na akaunti ya benki kabla hujawapigia. Na waulize mapema makato ni asilimia ngapi na hela inaingia benki baada ya siku ngapi, usiulize ukishasaini.

Ubaya wa WooCommerce ni kwamba mlinzi ni wewe. Plagini zinataka kusasishwa, na kabla ya kusasisha uchukue nakala ya duka zima. Ukiwa mtu wa kuahirisha, usiiguse.

Ya pili Shopify. Ni imara, haikuulizi habari za hosti wala nakala, na mtu asiyependa kuchokonoa mambo atalala usingizi. Kwenye mipangilio ya malipo unaweza kuamua jina moja litoshe, simu iwe lazima, kampuni iondoke. Lakini ukitaka kuipanga upya fomu yenyewe, kuongeza kile kiboksi changu cha bodaboda pale kwenye anwani, unakuta mlango umefungwa. Hayo ni ya mpango wa Plus, wenye bei ya makampuni makubwa, siyo ya mimi na wewe. Halafu mfumo wao wenyewe wa malipo, Shopify Payments, haupo Tanzania. Maana yake unatumia wa nje, na kwa kutumia wa nje wanakukata asilimia 2 ya kila oda kwenye mpango wa Basic, juu ya makato ya mwenye mfumo wa malipo. Oda ya 40,000 inaacha 800 kwao. Inaonekana ndogo, sawa, oda mia moja ni 80,000. Na bado hujalipa ada yao ya mwezi, ambayo ni ya dola, na inapanda na kushuka na dola, siyo na zabibu zako. Zabibu Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Dola wanavuna kila mwezi.

Wix naiweka ya tatu, na kwa mbali. Kuburuta na kudondosha vitu kunafurahisha, ila ukishachagua templeti na kujenga, huwezi kuibadilisha kwa nyingine, unaanza upya. Malipo yao ya ndani nayo hayajafika kwetu. Kama tayari unayo na inauza, kaa nayo.

WhatsApp Business ni bure, katalogi yake (orodha ya bidhaa) inabeba bidhaa 500, haina fomu ya anwani kabisa. Kwa anayeanza inatosha. Ila utajibu "bei?" mpaka usiku wa manane. PrestaShop na OpenCart, programu nyingine za kujengea duka, ni za bure pia, lakini kumpata fundi anayezijua hapa mjini ni kazi.

Sasa tuje kwa hao mafundi wenyewe, maana moyo wangu haujatulia. Aliyenitengenezea lile duka la kwanza, mtu tuliyekaa naye Area C tukanywa soda, alinipa bei kwa dola. Yeye yuko Dodoma, mimi niko Dodoma, duka ni la mlenda. Dola ya nini? Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni, lakini ankara zake bado zinakuja na alama ya dola, eti "ndiyo standadi". Juu yake kuna "matengenezo ya kila mwezi". Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, mwezi uliopita ulitengeneza nini? Akanitumia emoji.

Hilo ningelimeza. Lisilomezeka ni kikoa. Kikoa cha .co.tz ni hela ndogo kwa mwaka, na mwenye jina lake kwenye usajili ndiye mwenye mali. Nilipotaka kuhama na duka langu nikatazama usajili, nikakuta jina lake, barua pepe yake, simu yake. Mimi sipo popote. Nikampigia, akasema, "Dada yangu, tutaliongea." Ni miezi minane sasa tunaliongea. Kwa hiyo ukienda kwa fundi, usajili ufanyike umekaa pembeni yake, kwa barua pepe yako na nywila yako, na risiti uondoke nayo. Akikwambia atakuhamishia baadaye, beba mkoba wako.

Mimi nilinunua kikoa kingine, nikajenga duka upya kwa WooCommerce, na oda zinakuja, hata za Wagogo wenzangu wa Dar waliochoka kukosa mlenda. Shangazi mwenyewe ameshaagiza. Lakini kabatini nimebakiwa na stika kama mia sita za asali, zote zimechapwa kile kikoa cha zamani. Kila jioni nakaa na maka peni nyeusi, nafuta moja moja.