Kupakia programu kwenye ESP32 kwa kivinjari: uzoefu wangu na Web Serial

Zamani, kila nilipotaka kupakia programu kwenye bodi yangu ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa vya kielektroniki), nilianza kwa kusakinisha lugha ya programu ya Python na zana ya kupakilia, kisha nikahangaika kutafuta bodi imepewa mlango upi na kompyuta. Safari hii nilifungua tovuti katika Chrome, nikachomeka kebo ya USB, nikachagua bodi katika orodha iliyojitokeza, na kazi ikaisha. Kwa urahisi, Web Serial, teknolojia inayoiwezesha tovuti kuwasiliana na kifaa kilichochomekwa kwenye kompyuta, iliyoingia katika Chrome 89 mwaka 2021, naipa alama zote.

Kilichonikosesha utulivu ni kile kidirisha cha ruhusa. Ni kweli kwamba tovuti lazima itumie HTTPS (muunganisho uliosimbwa), na kwamba haioni kifaa chochote hadi nibofye na kukichagua mwenyewe. Hata hivyo, kidirisha huniuliza tu kama nakubali kuunganisha. Hakinielezi kwamba nikikubali, tovuti itaweza kufuta programu iliyomo na kuweka yake, kwa sababu kivinjari chenyewe hakijui bodi hutii amri zipi. Vifaa vingi vya namna hii viliundwa kuiamini kompyuta iliyochomekwa, si ukurasa wa mtu nisiyemjua.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2018 watafiti Markus Vervier na Michele Orrù walionyesha kwamba ukurasa wa kitapeli, ukishapewa ruhusa ya WebUSB (teknolojia inayofanana na Web Serial, ila ni ya vifaa vya USB), ungeweza kuzungumza moja kwa moja na ufunguo wa usalama wa YubiKey NEO (kifaa kidogo cha kuthibitisha kwamba ni wewe unayeingia kwenye akaunti) na kukwepa ukaguzi wa anwani ya tovuti, yaani kinga yenyewe ambayo watu hununulia ufunguo huo. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, iliitaja WebUSB kuwa yenye madhara, na Apple ikakataa kuiweka katika Safari.

Pamoja na hayo, sikubali kwamba njia ya zamani ilikuwa salama zaidi. Programu niliyokuwa nikisakinisha iliweza kusoma mafaili yangu yote, ilhali tovuti hii ilifikia bodi moja tu.

Lawama yangu kubwa ni kwamba wiki kadhaa baadaye nilikuta ruhusa ile bado imo katika mipangilio ya kivinjari. Ingefaa ikome ninapofunga ukurasa, isipokuwa nimeomba vinginevyo. Kwa sasa nimetenga wasifu maalumu wa Chrome kwa kazi hizi, na nikimaliza huifuta ruhusa kabla ya kuchomoa kebo.