Mifumo ya manunuzi ya kielektroniki katika hoteli za Lamu: stoo kavu imepona, samaki bado

Kwa hoteli ya vyumba kumi au zaidi, mjini Lamu au Shela, mfumo wa aina hii unastahili pesa yake kwa vitu vikavu, vinywaji, sabuni na mitungi ya gesi. Kwa samaki haufai mpaka urekebishwe.

Mpishi huandika ombi kwenye simu, meneja akaidhinisha, oda ikaenda kwa muuzaji. Mzigo ukifika, stoo kipa huingiza kilichopokelewa, na mhasibu halipi mpaka oda, hesabu ya kilichopokelewa na ankara vikubaliane. Faida yote iko hapo: kreti 20 zikiagizwa na zikafika 18, zinalipwa 18.

Kinachoharibu kazi ni vipimo. Mayai yakisajiliwa moja moja na jikoni wanahesabu kwa trei, "5" ya mpishi inakuwa mayai matano badala ya 150. Bale ya unga ni pakiti 12 za kilo 2. Mfumo lazima uambiwe hivyo. Kila bidhaa ipewe kipimo cha kununulia, kipimo cha kutolea stoo, na idadi inayoviunganisha. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukiiruka hesabu ya mwisho wa mwezi haitakaa sawa.

Kisha usafiri. Mzigo wa Mombasa hushuka Mokowe, gati ya upande wa bara, hupanda boti, hubebwa na hamali, na punda ndiye anayeufikisha mlangoni. Mfumo usioweza kugawa gharama hizo kwa kila bidhaa utakuonyesha Mombasa ni rahisi kuliko duka la Langoni, hapo hapo mjini Lamu, hata pasipo kweli. Mwambie muuzaji wa mfumo akuonyeshe hilo kabla hujasaini. Kilichopokelewa pia kiingizwe kwenye mfumo gatini, bila kutegemea intaneti. Ukihesabu stoo tu, hutajua kama gunia limepotelea botini au njiani.

Samaki ni habari nyingine. Mvuvi hawezi kuahidi kilo 15 za tewa kesho, sembuse wakati wa kusi bahari ikichafuka. Kinachofaa ni oda ya wazi: kikomo cha fedha kwa wiki, bei ya juu ya kilo kwa kila aina, na uzito usomwe kwenye mizani ya hoteli kabla samaki hajatumbuliwa. Malipo yawe kwa M-Pesa siku ile ile. Mvuvi hangoji siku 30.

Tangu 1 Januari 2024, kwa jumla, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haikubali kutoa kwenye mapato yanayotozwa kodi gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Mfumo wa manunuzi usiounganishwa na eTIMS humfanya mhasibu aandike mara mbili. Kwa wauzaji wadogo, hakikisha mfumo unaweza kutoa ankara upande wa mnunuzi, yaani hoteli iandike ankara kwa niaba ya muuzaji, jambo ambalo KRA inaruhusu.

Usiuanzishe Desemba. Sajili bidhaa na uhesabu stoo Mei au Juni, wageni wakiwa wachache.