Fonti ya bango la duka Tanga: ipi ulipie, ipi uchukue bure

Mwenye duka Ngamiani anapokwenda kuchapisha bango au kadi za biashara, mara nyingi huomba "herufi safi", yaani zile zisizo na vijimkia miishoni, zilizojengwa kwa duara na mistari iliyonyooka. Fonti za aina hii, yaani mitindo ya herufi yenye majina yake, zipo nyingi, na nimezipanga kwa kigezo kinachotangulia vingine vyote: namna zinavyokibeba Kiswahili, lugha ambayo "a" haikosekani karibu katika kila neno.

Ya kwanza ni Montserrat, aliyoibuni Julieta Ulanovsky kutokana na mabango ya zamani ya mtaa wa jina hilo, Buenos Aires. "a" yake ina kipinde juu ya tumbo, hivyo haichanganywi na "o" hata na abiria wa bodaboda. Ina unene wa ngazi 9, na leseni yake inaruhusu biashara bila malipo. Kasoro yake ni upana: "MACHUNGWA YA MUHEZA" kwa herufi kubwa tupu hula bango zima, kwa hiyo tumia herufi ndogo.

Ya pili ni Avenir ya Adrian Frutiger, iliyotoka mwaka 1988. Nayo ina "a" yenye kipinde, ila ni tulivu zaidi, na katika menyu au kijitabu macho hayachoki. Inalipiwa, na kwa hoteli au shule itakayoitumia miaka mingi naona inastahili bei yake. Uliza tu leseni inahusu kompyuta ngapi, maana matumizi ya tovuti mara nyingi huuzwa kando.

Poppins, ya tatu, ni ya bure na inapendeza katika jina fupi lenye herufi nene. Lakini "a" yake ni duara lililoegemea mstari, na ukiwa ng'ambo ya barabara "dawa" huanza kusomeka "dowo".

Futura, aliyoichora Paul Renner na kutolewa Ujerumani mwaka 1927, ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sura, na hizi nyingine zina deni kwake. Hata hivyo naiweka ya nne: pamoja na "a" ya duara, "j" yake haina ndoano, ni mstari mtupu unaoshuka, na neno "jiji" hubaki fimbo nne zenye nukta.

Century Gothic imo tayari katika kompyuta nyingi za steshenari, lakini mistari yake ni myembamba mno kwa bango la nje.

Kabla ya kulipa, mwombe mchapaji akutolee karatasi moja yenye maneno "dawa", "jiji", "Ilala" na "ng'ombe", uibandike ukutani, kisha urudi nyuma hatua 20. Katika "Ilala" tazama kama "I" kubwa inatofautiana na "l" ndogo; katika "ng'ombe", hakikisha alama ya juu haikuachwa.