AMT, CVT au auto ya kawaida: gari dogo la giaboksi gani likufae?

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni tena. Leo tunachambua giaboksi, na nazungumza hasa na wewe unayetafuta gari dogo la mtumba, la kwendea kazini na kupelekea watoto shule. Umeingia mtandaoni kuangalia magari ya Japani, ukakutana na Suzuki Alto au Suzuki Every, ni safi, bei inavutia, halafu kwenye sehemu ya gia pameandikwa 5AGS. Unamuuliza dalali, anakujibu, "Hiyo ni auto, bosi, wewe lipia tu." Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu hiyo si auto kama ile ya IST uliyoizoea.

AGS ni jina la Suzuki. Jina la jumla la giaboksi za aina hii ni AMT. Ukiifungua ndani utakuta manual kamili: gia zile zile, klachi pleti kavu ile ile, presha pleti ile ile. Tofauti ni kwamba pedali ya klachi imeondolewa, na kazi ya mguu na mkono wako imekabidhiwa pampu ndogo ya umeme, oili yenye presha na kompyuta. Ni kama umemweka dereva wa pili chini ya boneti, kazi yake kukanyaga klachi na kubadilisha gia, wewe ubaki na usukani, mafuta na breki. Liva ina R, N na D, na ukiisukuma upande wa M unapandisha na kushusha gia mwenyewe. P, ile ya kuegeshea, haipo. Liweke hilo kichwani, nitalirudia.

Teknolojia yenyewe ina historia ya heshima. Ferrari waliiweka kwenye F355 mwaka 1997, vifaa vikiwa vya kampuni ya Magneti Marelli ya Italia. Mwaka 2014 vifaa vya kampuni hiyo hiyo vikaingia kwenye Suzuki Celerio kule India, gari la watu wa kipato cha kawaida. Sababu ni bei. Kutengeneza auto kamili au CVT, ile ya mkanda nitakayoieleza mbele, ni gharama, lakini manual unayo tayari kiwandani, unaiongezea vifaa vichache tu. Na mafuta hayapotei: kwenye vipimo rasmi vya India, Celerio ya manual na ya AMT zote ziliandikwa kilomita 23.1 kwa lita. Barabarani utapata pungufu ya hapo, ila ujumbe ni kwamba ulaji wake ni wa manual.

Sasa tuingie barabarani.

Ukiondoka taratibu, gia ya kwanza iko sawa. Inapotaka kwenda ya pili, kompyuta inapunguza moto wa injini, inaachanisha klachi, inatoa gia, inaingiza nyingine, inarudisha klachi. Kwa muda huo mfupi gari halivutwi na kitu. Unalisikia linakata pumzi, kichwa kinakwenda mbele kidogo, halafu linaendelea. Aliyetoka kwenye Passo atafikiri giaboksi imekufa. Haijakufa, ndivyo ilivyoumbwa. Dawa yake ni kulegeza mguu kidogo kwenye mafuta pale unapohisi inataka kubadilisha, kama ambavyo ungefanya kwenye manual. Ukilizoea hilo, gari linalainika kabisa.

Kwenye kupita gari lingine ndipo nataka unisikilize vizuri. Uko barabara ya Morogoro, mbele yako semitrela imebeba mzigo, upande wa pili umeona peupe. Kwenye auto ya kawaida unakandamiza, inashusha gia, unapita. Kwenye AMT ukikandamiza ghafla, kwanza inaachia klachi, inatafuta gia ya chini, halafu ndiyo inavuta. Ule muda ambao haivuti, wewe tayari umeshatoka kwenye upande wako. Kwa injini ya cc 660 hapo si pa kubahatisha. Fanya hivi: ukiwa bado nyuma ya semitrela, sukuma liva kwenye M, shusha mpaka gia ya tatu, subiri ishike, ndipo uchungulie na kutoka. Gari lile lile linakuwa jepesi na tayari.

Umeshaanza kuona ninakoelekea. Anayeifaidi AMT ni mtu anayejua manual. Anahisi klachi ilipo hata kama pedali haipo, anajua gari linahitaji gia gani kabla kompyuta haijajua. Asiyejua manual, ambaye ndiye anayetafuta auto, ndiye anayeichoka haraka, na ndiye anayeiua haraka.

Inauawa vipi? Nenda kivuko cha Magogoni siku yenye watu wengi. Magari yanashuka kuingia kwenye pantoni, hatua moja, simama, hatua moja, simama. Mkifika Kigamboni mnatoka kwa kupanda, vile vile kwa kusogea kidogo kidogo. Mwenye auto ya kawaida hana shida, kwa sababu kati ya injini na giaboksi kuna konveta, nguvu inapitia kwenye oili, hakuna pleti inayosugua wakati wa kuondoka. Mwenye AMT anafanya kosa moja ambalo nimeliona mara nyingi: gari linataka kurudi nyuma, yeye halishiki kwa breki, analishikilia kwa kukanyaga mafuta kidogo. Klachi inabaki nusu imeshika, nusu inateleza, na inaungua. Ukisikia harufu ile ya pleti, pesa yako inateketea. Zipo zilizowekewa mfumo wa kushikilia gari mlimani, lakini zinakupa sekunde mbili hivi, si zaidi. Tumia breki ya mkono kama tulivyofundishwa zamani: vuta, kanyaga mafuta mpaka uhisi gari linataka kwenda, achia.

Kwa hiyo wewe wa Mwanza unayeishi mlimani, na wewe ambaye kila jioni unakaa kwenye foleni kwa muda wa saa mbili, AMT siipendekezi kwenu. Nasema hivyo bila kuzunguka.

CVT nayo tuiseme. Hii haina gia za hatua. Ina puli mbili na mkanda wa chuma, puli zinapanuka na kubana, gari linavutwa mfululizo bila mtikisiko. Utaikuta kwenye Passo zilizoanza mwaka 2010, kwenye IST za toleo la pili la mwaka 2007, na kwenye Nissan Note za E12. Kwa ulaini mjini hakuna ya kuishinda hapa. Kinachoiua ni oili. CVT inataka oili ya CVT, tena ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi akikumiminia ATF ya auto ya kawaida kwa sababu ndiyo aliyonayo, mkanda unaanza kuteleza kwenye puli, unasikia mlio, na baada ya hapo unatafuta giaboksi nzima.

Auto ya zamani ya gia nne, ile ya IST ya mwaka 2002 na Passo ya kwanza, inakunywa mafuta zaidi na injini inapiga kelele ukiwa mwendo mkubwa. Lakini inavumilia. Foleni inavumilia, mlima inavumilia, na mafundi wanaoifahamu hukosi. Kwa mtu anayenunua gari lake la kwanza na hataki habari nyingi, bado naiweka mbele.

Na Every za mizigo? Kama gari ni la biashara na dereva ni wa kuajiriwa, chukua manual yenye pedali. Klachi ikiisha, gereji ya mtaani inabadilisha, unaendelea na kazi. Kwenye AGS pleti ikibadilishwa, kompyuta lazima ifundishwe upya kwa mashine ni wapi klachi inaanza kushika. Fundi asiye na mashine hiyo atafunga kila kitu vizuri, halafu gari litakataa kuingia gia au litaondoka kwa kuruka. Kabla ya kununua, tafuta kwanza fundi mwenye mashine inayosoma Suzuki. Ukimkosa mjini kwako, achana na hilo gari.

Kama bado unaitaka, na ukiwa dereva wa manual unayesafiri zaidi kuliko kukaa foleni, nakuelewa kabisa. Alto ya AGS ni nyepesi na haina tamaa ya mafuta. Ukienda kuikagua, iwashe ikiwa ya baridi. Weka D, achia breki sehemu tambarare: isogee taratibu, isitetemeke. Ipandishe mlima, simama katikati, ondoka. Kisha R na D mara kadhaa, usikilize kama inachelewa kuingia. Fungua boneti, angalia kichupa cha oili ya pampu, kiwe kwenye alama. Oili hiyo ni tofauti na oili ya giaboksi, usikubali zichanganywe.

Na ile P ambayo haipo: ukiegesha, ukizima gari likiwa N bila breki ya mkono, linabiringika. Vuta breki ya mkono, weka D au R mguu ukiwa kwenye breki, hakikisha herufi au namba ya gia imetokea kwenye dashibodi, ndipo uzime. Kuliwasha, rudisha N, mguu kwenye breki. Mfundishe hivyo kila unayempa funguo, kuanzia mke au mume wako mpaka kijana wa kuosha magari.