Pikapu ya zamani Mwanza: anza na rejeta, turbo iwe ya mwisho

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 kuliko ya pwani, hivyo dizeli isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), kama injini iitwayo 3L ya Hilux za zamani, haiwezi kutoa nguvu zake zote. Gari likichoka kwenye mlima wa Bugando, wengi hukimbilia kununua nguvu. Mimi napanga kinyume chake.

Ya kwanza ni rejeta, inayopoza maji ya injini. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, gari la mzigo wa Sengerema halipumziki tena likisubiri kivuko, hivyo injini haipati muda wa kupoa. Chagua rejeta ya shaba yenye safu tatu za mirija, maana ikitoboka fundi anaichomelea. Yenye tangi la plastiki mara nyingi ni ya bei rahisi, lakini plastiki ikipasuka njiani umekwama. Tia kulanti (dawa ya kupozea injini), si maji matupu. Na fundi akitaka kuitoa themostati, vali inayodhibiti joto la injini, ili injini "ipoe", mkatalie kabisa! Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta na kuchakaa mapema.

Ya pili ni breki na tairi. Chukua tairi za mzigo, zenye herufi C mwishoni mwa saizi, mfano 195R14C. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi ya mtumba iliyopita miaka sita iache dukani, hata kama bado ina meno. Tairi kubwa kupita kiasi huilemea injini na breki pia.

Springi na shokapu zinafuata. Jani moja la ziada la springi linasaidia kwa anayebeba magunia ya dagaa kutoka soko la Mwaloni, ila halimpi ruhusa ya kuzidisha mzigo. Chasisi ndiyo itakayopasuka. Kuna jambo husahaulika sana. Hilux nyingi zina fimbo kwenye ekseli ya nyuma inayopima mzigo na kugawa nguvu ya breki. Ukiinua gari bila kuirekebisha, breki za nyuma zinalegea ukidhani ziko sawa.

Kutu: maji ya samaki na chumvi ya dagaa yanakula bodi. Osha chini ya gari, zibua matundu ya kutolea maji, paka rangi ya kuzuia kutu. Gharama yake ni ndogo.

Kwenye injini, pima kwanza nozo (zinazonyunyizia dizeli) na pampu, badilisha filta ya hewa, kisha mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000. Mara nyingi nguvu inayodaiwa kupotea hurudi hapo.

Turbo ni ya mwisho, kwa sababu 3L haikuundwa kwa joto lake. Ukiitaka bado, funga kipimo cha joto la moshi, na mtafute fundi mwenye gari alilokwisha kulifungia ambalo linabeba mzigo hadi leo. Omba ulione likipanda mlima likiwa limejaa.