Geji ya upepo yenye psi na bar: nzuri, lakini soma uso wake kabla hujalipa

Geji hii ya duara ya kupima upepo wa tairi kwa psi na bar (vipimo vya msukumo wa upepo), yenye mpira mfupi na kitufe cha kupunguzia upepo, utaikuta kwenye maduka mengi ya vipuri Kisekka na Ndeeba, Kampala. Inamfaa sana mwenye gari lililotoka Japani.

Stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva inasema, kwa mfano, kPa 230, na pembeni yake 2.3 kwa kg/cm², ambavyo ni vipimo vingine vya msukumo huo huo. Fundi wa tairi naye anauliza "niweke ngapi?" na anachotaka ni psi. Wapo wanaokata sifuri wakamwambia 23, na wapo wanaosema 40 ili mambo yaishe. Jibu ni 33.4. Ukiweka 23, tairi linalika kingo zote mbili na kupata moto kwenye safari ndefu; ukiweka 40, linalika katikati na gari linarukaruka kila penye shimo.

Geji nyingi za aina hii hazina kPa, na huo ndio upungufu wake mkubwa. Dawa ni hesabu ya kichwani: gawa kPa kwa 7, kisha ongeza 0.5. 200 inakupa psi 29, na 250 inakupa 36. Ukipenda bar ni rahisi zaidi, kwani kPa 100 ni bar 1 kamili.

Sasa uso wenyewe. Tafuta 2 kwenye duara la bar uone imekaa mkabala na psi ngapi. Ikiwa 29, sawa. Ikiwa 28 na nusu hivi, duara hilo ni la kg/cm² hata kama limeandikwa bar. Tofauti ni asilimia 2 tu na haitakuua, ila namba zisipolingana na lolote kati ya hayo mawili, irudishe.

Halafu angalia namba ya mwisho. Kwa gari dogo chukua inayoishia psi 60. Geji yenye kosa la asilimia 3 ya namba ya mwisho itakudanganya psi 1.8 ikiishia 60, lakini ikiishia 220 ni psi 6.6. Hiyo kubwa waachie wenye malori: tairi la bar 8 ni psi 116, na geji ya 60 itaharibika hapo hapo.

Mshale lazima ulale kwenye sifuri. Usikubali kisingizio kwamba Kampala iko juu. Geji hupima tofauti ya ndani na nje ya tairi, kwa hiyo sifuri ni sifuri, iwe Entebbe au Kabale.

Kinachochakaa kwanza ni kile kipande cha mpira mdomoni. Ukisikia upepo unavuja unapobana kwenye valvu, namba unayosoma iko chini ya ukweli. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, maana kila nyuzi 5 au 6 za joto huongeza karibu psi 1.