Fundi wa Jezi wa Kibuye: Anauliza Kwanza Mnacheza na Nani

Kwa mwalimu wa michezo katika shule ya bweni ya wavulana huku magharibi mwa Kenya, hakuna ununuzi unaoleta lawama kama ule wa jezi. Mpira ukipasuka hulaumiwa uwanja, na basi likichelewa hulaumiwa barabara, lakini jezi ikichanika mbele ya wazazi na mbele ya shule nyingine, anayeulizwa ni yule aliyetia sahihi kwenye risiti. Nimeona niandike kwa urefu kuhusu karakana moja ya Kisumu iliyotushonea seti mbili za soka tulizovaa muhula wa pili, katika siku ya michezo iliyokutanisha shule nne za kikatoliki za wavulana, kwa sababu imenipendeza kwa jambo moja kubwa na kunikera kwa mengine ambayo mnunuzi anafaa kuyajua mapema.

Karakana yenyewe haina bango. Imo katika vibanda vya soko la Kibuye, na njia rahisi ya kuipata ni kuulizia kwa fundi wa jezi, mradi usiende Jumapili, siku ambayo soko hufurika mitumba na watu hata mtu hushindwa kupita na mzigo. Ndani mna cherehani nne, meza ndefu ya kukatia kitambaa, na mashine ya kubandikia nambari kwa joto, ambayo kijana mmoja huifungua na kuifunga siku nzima huku akihesabu sekunde kwa sauti.

Jambo lililonipendeza lilitokea kabla hatujafika kwenye bei. Nilimwambia fundi kwamba nataka jezi 18 za buluu na nyeupe, naye badala ya kuchukua kalamu akaniuliza, "Mwalimu, mnacheza na nani?" Nilidhani anatafuta mazungumzo tu. Kumbe ameshonea shule nyingi za misheni na anajua tabia ya shule hizo: buluu na nyeupe ni rangi za Bikira Maria, na shule zilizoanzishwa na mapadri na watawa huzipenda kupita kiasi. Nilipomtajia shule tatu tulizotarajia kukutana nazo, alicheka, akanionyesha vipande vya vitambaa vilivyobaki kutokana na kazi ya mbili kati yazo. Vyote vilikuwa buluu.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeaibika kwa sababu hiyohiyo. Tulishuka kwenye basi tukiwa na buluu, wenyeji wakatoka vyumbani na buluu, na refa akatukumbusha kwamba Sheria ya 4 ya soka inataka timu mbili zivae rangi zinazotofautiana, zitofautiane pia na za waamuzi, na kila mlinda lango ajulikane kando na wote. Tuliazimwa vizibao vya mazoezi visivyo na nambari, vyenye jasho la watu wengine, na karibu nusu saa ikapotea huku padri aliyekuwa amesali sala ya ufunguzi akisimama juani akisubiri. Sijui ni fundi gani mwingine angeniepusha na jambo hilo kwa kuuliza tu swali. Wengi huuliza rangi na idadi, basi.

Alipendekeza seti ya pili iwe ya njano yenye ukosi mweupe, rangi za bendera ya Vatikani, ili hata kasisi wa shule asione kwamba tumeiacha imani kwa ajili ya mitindo. Mlinda lango akapewa rangi ya machungwa. Hesabu ilikuwa nzuri isipokuwa mahali pamoja, kwa maana katika mechi yetu ya kwanza refa naye alikuja na fulana ya njano, ikambidi arudi garini kuvaa nyeusi. Hilo siwezi kumlaumu fundi, ingawa nilipomsimulia aliliandika kwenye daftari lake.

Kuna suala jingine alilolishughulikia kwa hekima. Vijana wetu wengi huvaa rozari shingoni, na Sheria ya 4 hairuhusu pambo lolote mwilini mwa mchezaji, wala kulifunika kwa utepe si ruhusa. Nahodha alikuwa ameniomba nimwambie fundi ashone kijifuko ndani ya mkanda wa bukta ili rozari iingie humo. Fundi alikataa katakata, akasema kijana akianguka juu ya msalaba wa chuma atakuja kumlaumu yeye, akajitolea kutarizi msalaba mdogo chini ya nembo bila kuongeza hata shilingi. Siku ya mechi rozari zote zilikusanywa mkononi mwa kasisi, zikamjaa kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, na kila tulipokosa bao zilisikika zikigongana.

Kuhusu ubora, jezi za soka zimeshonwa kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo kwapani, nao ushonaji uko sawa, hakuna nyuzi zinazoning'inia. Kwa raga hutumia kitambaa kizito zaidi na mshono wa mara mbili mabegani, na hapo ndipo utakapogundua kwamba anaujua mchezo wenyewe. Katika soka mchezaji mnene anaweza kuvaa nambari 4 mwaka huu na mwembamba akairithi mwaka ujao, lakini katika raga ya wachezaji 15 nambari hufuata nafasi, kwa hiyo jezi za nambari 1 na 3, wanaobeba uzito wa skramu (pale timu mbili zinaposukumana mabega kwa mabega), lazima ziwe pana, na nambari 9 huenda ikawa ya kijana mdogo kuliko wote. Fundi huyu hukata seti ya raga kwa kufuata nambari. Niliwahi kununua mahali pengine seti ambayo jezi zote zilikuwa za kipimo kimoja, na nambari 3 wetu alicheza msimu mzima kitovu kikiwa nje.

Vesti za riadha pia anazo, ila sikuzinunua. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini tangu nilipoanza kazi hii sijamwona kijana aliyesimama mstarini kando ya mwanafunzi wa St. Patrick's Iten akadhani vesti itamsaidia. Shule hiyo ya kikatoliki, ambako Bruda Colm O'Connell alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia, ilimlea Peter Rono aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 huko Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir aliyeshinda ile ya kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992.

Sasa yaliyonikera. Tuliahidiwa mzigo Jumatano, tukaupata Ijumaa jioni, na mechi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kila nilipopiga simu niliambiwa kwamba zimebaki soksi tu. Nilipofika mwenyewe, nikakuta zimebaki soksi, bukta sita, na nembo zote za seti ya njano. Nilikaa kwenye kigoda kati ya cherehani mbili kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja na nusu, nikiwatazama wakimaliza, na ninaamini kwamba lau nisingekaa pale tungecheza bila nembo.

La pili ni nambari za mgongoni. Baada ya kufuliwa mara tatu zilianza kubanduka pembeni, na nambari 7 ikapoteza mstari wake wa juu ikabaki inafanana na 1. Katika mechi ya kirafiki ya wiki mbili baadaye, winga wetu alionyeshwa kadi ya njano, nayo ikaandikwa kwa mlinda lango, ambaye hakuwa amegusa mtu. Fundi alizibandika upya bila malipo, nauli ikiwa juu yangu, kisha akanieleza kwamba jezi hugeuzwa ndani nje, hufuliwa kwa maji baridi, na pasi haipiti juu ya nambari. Ni maelezo mazuri ambayo yangenifaa siku ya kwanza, kwa kuwa yeye anajua vizuri jinsi vijana wa bweni wanavyofua: sabuni ya mche, kusugua kwa nguvu zote, kukamua watu wawili, kisha kuanika juu ya ua wa miba.

Bei ilikuwa shilingi 1,100 kwa jezi na bukta, soksi zikilipiwa kando, na malipo ya awali ni nusu. Walio katika shule za umma wadai risiti ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa risiti za mamlaka ya kodi ya Kenya, kabla ya kutoa chochote. Mimi nilipewa kwanza karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mhasibu wetu akairudisha bila kuisoma, na ile halali ilichukua siku tisa.

Pamoja na hayo nimerudi kwake. Raga ya wachezaji 15 huchezwa muhula wa kwanza, hivyo nimeagiza seti mwezi wa kumi na moja na kumwambia kwamba mechi ni wiki mbili kabla ya tarehe yenyewe. Aliniuliza tena tunacheza na nani, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ile sentensi kuhusu refa mwenye fulana ya njano, ndipo akachukua vipimo vya nambari 3.